Kisanduku Hakina Masikio

Zubeiri Mwinyijuma alikuwa mtu wa kwanza kuajiriwa na Kampuni ya Sauti Nyumbani, na mtu asikudanganye ukadhani siku hiyo kulikuwa na kampuni. Kulikuwa na chumba kimoja cha mabati Barabara ya Pili, hapo Ngamiani mjini Tanga. Ndani yake mlikuwa na redio moja kubwa, mtambo wa kukuzia sauti uliotoa joto kuliko jiko, na bwana mmoja aitwaye Ernesti, macho mekundu, usiku kucha hajalala. Ernesti alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, amerudi kutoka vita vya Burma alikokuwa akitandaza simu za jeshi, na kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu. Redio ni ghali, alisema. Betri ni ghali. Umeme nyumba za Ngamiani haujaingia. Lakini redio moja ikikaa hapa penye umeme, nyaya zikatoka hapa zikaenda kila nyumba, na kila nyumba ikawa na kisanduku chake chenye spika, si mtaa mzima utasikia kwa redio moja?

"Utasikia," Zubeiri alijibu. Wakati huo alikuwa fundi karabai, anawasha taa kwenye harusi za watu, na hakuelewa hata nusu ya maneno yale. Alichokielewa ni kwamba bwana yule hawezi kukaa kitako, na yeye mwenyewe tangu azaliwe hajawahi kuweza. Siku ile ile akapanda mnazi na waya begani.

Tangu hapo hawakupumzika. Nyaya waliziokota kwenye mashamba ya mkonge, zile za simu za zamani zilizotupwa. Visanduku walivigongomea kwa mbao za makasha ya chai kutoka Amani, ndiyo maana kuna nyumba zilisikiliza habari za dunia huku zikinukia majani ya chai. Walikunywa kikombe kimoja wakipokezana, na usingizi pia wakipokezana. Zubeiri alipoanguka kutoka kwenye nguzo akavunjika mkono, Ernesti alimbeba mgongoni mpaka hospitali, na njia nzima hakuacha kumweleza jinsi watakavyovuka reli siku moja wafike mtaa wa Makorora. Mtu ana mkono umevunjika, anaelezwa Makorora! Lakini Zubeiri alimpenda kwa hilo, akampenda kama ndugu.

Sasa, kazi ya waya Ernesti aliijua. Kazi ya mlango hakuijua hata kidogo. Wanaume wa Ngamiani walikuwa na redio zao migahawani na kwenye baraza za kahawa. Waliokosa ni wanawake, nao walitaka kisanduku kitundikwe ndani, uani, pale wanapopika na kusukana na kusema yao. Na uani kwa watu haingii mwanamume hivi hivi, sembuse mgeni wa milimani mwenye buti za jeshi. Hodi ya pwani ni tatu. Ya tatu usipojibiwa, geuza mguu urudi ulikotoka, wala usichungulie. Ernesti nyumba ya kwanza alipiga hodi moja, hapo hapo akasukuma mlango. Alimwagiwa maji ya kuoshea samaki.

Zubeiri aliingia, na aliingia kwa jina la mama yake. Bi Mwanamkasi alikuwa somo. Yeye ndiye aliyewafunda wari wa nusu ya Ngamiani, akiwaweka ndani na kuwafundisha mambo ya unyumba mpaka wakatoka wake za watu. Mlango gani ungemkataa mtoto wa Bi Mwanamkasi? Alipiga hodi zake tatu, akasubiri wanawake wajitande kanga, akaingia na nyundo na misumari huku macho kayaelekeza chini. Na kila nyumba, bila kukosa, palikuwa na bibi mmoja mkekani aliyekitazama kisanduku kwa jicho la pembeni.

"Na hiki, mwanangu, hakitusikii?"

Zubeiri alicheka. Alicheka kwa Bi Chiku wa Barabara ya Nane, akacheka kwa kina mama wa Barabara ya Tano. "Wallahi, bibi, kina mdomo, hakina masikio." Aliapa nyumba baada ya nyumba, mpaka watoto wakayachukua maneno yale wakayafanya wimbo wa kurukia kamba. Ernesti husimama nje dirishani akimsubiri, na kiapo kile alikisikia kila mara. Hakusema neno. Likumbuke hilo.

Kilichoikuza kampuni si taarabu ya Unguja wala habari za Dar es Salaam. Ni maiti. Zamani mtu akifa, mjumbe hutembea nyumba kwa nyumba mpaka miguu ivimbe, na bado kuna watakaosema hawakuambiwa. Zubeiri ndiye aliyewaza kwamba kila siku kabla ya adhana ya alasiri wakate redio, aketi mbele ya maikrofoni aseme nani kafariki na mazishi ni wapi. Hapa kwetu unaweza kukosa harusi ukasamehewa. Ukikosa maziko, utasemwa mpaka uzikwe wewe. Mwezi haukuisha watu wakawa wanapanga foleni kuomba kisanduku. Sauti ya Zubeiri ikawa ndiyo sauti ya kampuni. Akipita njiani watoto wakimwita Tanzia.

Ikajengwa ofisi ya matofali. Wakaja mafundi wengine. Akaja karani aitwaye Eliudi, mwenye tai, akawekwa mezani mbele ya mlango wa Ernesti, na mlango ukatiwa pazia. Zubeiri asubuhi ya kwanza alipita moja kwa moja kama alivyozoea.

"Bwana mkubwa ana shughuli," Eliudi alisema. "Hodi kwanza."

Hodi! Zubeiri aliyegonga misumari ya bati la kwanza, apige hodi! Alicheka siku hiyo, akapiga. Lakini kicheko hakikushuka tumboni. Alitoka akatembea kufuata nyaya zake mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akatembea tena, na hakujua anatafuta nini.

Basi ikawa mchana mmoja, mwaka wa hamsini na sita, kipupwe kimeanza. Asubuhi Bi Mwanamkasi alikuwa amemlalamikia mwanawe kwamba kisanduku chake kinakoroma. Chake kilikuwa kisanduku cha kwanza kabisa, kile cha majaribio, na kwa hiyo kilikuwa na waya wake peke yake kutoka ofisini hadi uani kwake. Nyumba nyingine zilichangia waya mmoja kwa kila barabara. Zubeiri alisubiri saa ambayo redio imezimwa. Akauchomoa waya wa mama yake kwenye kibao cha kuunganishia nyaya, akauchomeka kwenye mtambo kwa upande wa kupimia, akavaa masikioni vile vikombe vya kusikilizia alivyokuja navyo Ernesti kutoka jeshini. Alitaka kusikia ule mkoromo unatokea wapi.

Kwanza alisikia kuku.

Akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na kuku. Akasikia ufagio wa chelewa, halafu mtu akikohoa kikohozi anachokijua, halafu sauti ya mama yake, ya chini, taratibu, sauti ambayo hajapata kuisikia maisha yake yote.

"Kaa vizuri, mwari wangu. Haya nitakayokwambia mwanamume hayasikii, hata awe mwanangu wa kumzaa." Na Bi Mwanamkasi akaanza kufunda.

Zubeiri hakuvivua vikombe vile papo hapo. Ndilo lililomtesa baadaye. Si kwamba aliyataka maneno yale, Mungu apishe mbali! Alikuwa ameduwaa tu kwa ajabu ya chombo, mikono imegoma. Maneno matatu manne yalishapita ndipo akavitupa mezani kama vimemuuma. Mwiko ule mwanamume wa pwani haukaribii hata ulevini. Naye ameuvunja ofisini, mchana, kwa mama yake mwenyewe.

Hakumpigia mtu hodi. Alimpita Eliudi, akapita pazia, akasimama mbele ya Ernesti akihema.

"Visanduku vinasikia," alisema. "Ernesti, vinasikia! Nimemsikia mama yangu uani."

Alitegemea Ernesti aruke. Ernesti alifunga kalamu yake.

"Umechukua muda kujua," alisema. "Spika na maikrofoni ni ndugu wa tumbo moja, Zube. Kila mtu wa simu za jeshi anajua."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanisikia nikiapa. Unasimama dirishani, unanisikia nikiapa kwa Mungu!"

Ernesti alimtazama bila ubaya, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kampuni haikuapa," alisema. "Uliapa wewe."

Zubeiri alikaa, akainuka. Akasema basi, dawa ipo, kila kisanduku kitiwe swichi, mwenye nyumba azime mwenyewe redio ikinyamaza. Yeye ataifanya kazi hiyo, hata bure. Ernesti akasema swichi zitakuja, lakini baadaye. Na hapo ndipo lilipotoka jambo lenyewe. Nyaya za Makorora zingepaswa kuvuka reli, na kuvuka reli kunataka kibali, na kibali kiko mkononi mwa bwana mmoja wa Kizungu, wa kaptura nyeupe, ambaye Ernesti hakusema hasa ni wa ofisi gani. Bwana huyo yuko tayari kutoa. Anachotaka ni waya mmoja tu, utoke kwenye kibao uende kwenye chumba chake.

"Ana haja na nyumba mbili tatu tu," Ernesti alisema. "Wanakokutana watu wa chama, hao wadai uhuru."

"Na wake zao? Na mabinti zao?"

"Mzungu hajui Kiswahili cha uani."

"Atamwajiri anayekijua!"

Ernesti alisimama akamshika bega, lile la mkono uliovunjika. Uso wake ulikuwa umechoka, na Zubeiri aliona wazi kwamba mtu huyu hasemi uongo, anaamini kila neno. "Sikiliza, ndugu yangu. Tumelala chini mimi na wewe kwa ajili ya hili. Jumatatu nakwenda na Mzungu relini, akiridhika tunaunganisha waya jioni hiyo hiyo. Makorora itakuwa yako. Ofisi yako, mafundi wako, jina lako ubaoni. Mimi nakuomba kitu kimoja tu, unyamaze."

Zubeiri alitoka. Na nisimfanye malaika: jina lake ubaoni aliliona. Aliliona limeandikwa kwa rangi ya samawati, akaona na Eliudi akisimama kumpisha. Alilitaka. Kama angekuwa halitaki, angelala usingizi wake siku zile.

Hakulala. Hakukaa. Akiketi kula, goti linacheza mpaka sahani inalia. Aliokota makopo akaanza kukata swichi za bati kwa mikono yake, akazipeleka Barabara ya Nne kuzifunga, na Eliudi akamfuata kwa baiskeli kumuuliza nani kamtuma. Akaziacha. Akipita njiani watoto wanaruka kamba, kina mdomo, hakina masikio, kina mdomo, hakina masikio, naye anakaza mwendo kama anadaiwa. Bi Chiku akamwita mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona wakimbia, Tanzia? Kafa nani?"

"Hajafa mtu, bibi."

"Basi tembea kama watu."

Nyumbani ndiko kulikuwa kichekesho, kama ungekuwa na moyo wa kucheka. Kisanduku cha kwake alikifunika mto. Akaanza kusema kwa kunong'ona. Akitaka chumvi ananyoosha kidole. Mkewe, Mastura, alivumilia, akavumilia, mwishowe akaweka mwiko chini.

"Baba Mboni, kama umeoa mke wa pili, sema nijue moja."

Zubeiri akamkamata mkono akamtoa nje, wakavuka barabara, wakasimama uwanjani kwenye jua ambako hapana ukuta wala waya, ndipo akamwambia. Mastura alisikiliza, mkono umeziba mdomo.

"Yarabi! Na mimi nimesema mangapi pale chini yake! Nimemsema wifi yangu, nimemsema..." Akaacha. "Nimekusema wewe."

"Hakuna aliyesikia. Mpaka sasa, hakuna."

"Mpaka Jumatatu." Mastura alizitazama nyaya zilizopita juu ya mapaa, nyembamba, zimeingia kila nyumba. "Mama anajua?"

"Hajui."

"Hawakukufungulia wewe, baba Mboni. Wamemfungulia yeye. Siku watakapojua, na watajua, watasema Bi Mwanamkasi alimtuma mwanawe akawatilie sikio majumbani. Mama hatafunda mwari tena mji huu. Nani atampa?" Alipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Kama ni wa kuambiwa, waambiwe na wewe."

"Na kazi? Nimeijenga mimi kazi ile, Mastura."

"Najua umeijenga wewe. Ndiyo maana."

Jumatatu Zubeiri aliamka kabla ya adhana, akatembea mpaka bandarini, akarudi. Ofisini alimwona Ernesti akitoka na yule bwana wa kaptura kwenda relini. Ernesti alimpungia mkono kwa furaha, kama zamani, kama siku waliposikia kisanduku cha kwanza kikisema. Zubeiri naye akainua mkono.

Ikafika saa ya tanzia. Akaingia chumba cha mtambo, akaufunga mlango kwa komeo. Akakata redio. Nyumba zote za Ngamiani zikatulia kama zilivyozoea, kina mama wakainua vichwa, nani leo. Siku hiyo alikuwa na maiti mmoja, mzee wa watu wa Barabara ya Sita, akamtangaza vizuri, kwa jina lake na la babaye, na saa ya maziko. Haki ya maiti ni haki ya maiti. Kisha hakurudisha redio. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni.

"Hodi," alisema.

Na haraka akageuza swichi ya mtambo, nyaya zote zikahamia upande wa kupimia, akavaa vikombe.

Mtu wa pwani unaweza kumnyang'anya vingi, lakini hodi hawezi kuiacha hewani. Mdomo hujibu kabla akili haijauliza. Mwanzo palikuwa na mvumo tu. Halafu mmoja, mbali, kama anatoka kisimani: "Karibu!" Halafu wengine, wazee na wanawali, wenye mafua na wenye kutafuna, nyumba hii na ile, sauti zimepandana: karibu, karibu mwanangu, karibu ndani, nani huyo, mbona hodi kwenye redio, karibu. Zubeiri alifumba macho. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta, maana mkono mmoja uko kwenye swichi.

Akaigeuza tena.

"Nimewasikia," alisema. "Bi Chiku, umesema karibu, mwanangu, kisha ukauliza mbona hodi kwenye redio. Nimekusikia. Nyumba nyingine mtoto alikuwa akilia, nimemsikia. Mama zangu, dada zangu, mliniuliza kila mlango, nami niliwacheka na nikaapa. Mlikuwa na haki ya kuuliza. Kisanduku kinasikia. Mimi nilikuwa sijui, na sasa najua, na kuanzia jioni ya leo yuko mtu anataka kukaa asikilize. Nyuma ya kisanduku kuna nyaya mbili. Hazina moto. Ng'oeni mmoja tu, na sikio limekufa. Mkitaka kunilaani, nilaanini mimi. Mama yangu hakujua lolote. Wallahi, na hiki ni kiapo cha mwisho mtakachokisikia kwangu, mama yangu hakujua."

Akageuza swichi. Kimya. Kimya kikubwa, cha watu wengi wanaozuia pumzi. Kisha kelele kama soko limeshika moto, na katikati ya kelele, tk. Waya mmoja umetoka. Tk. Tk. Zilikuwa zikitoka kama punje za mahindi zinazopukuchuliwa, kila tk na sauti zake zikizimika. Kazi yote ya mikono yake, nguzo zile, mkono ule uliovunjika, aliisikiliza ikifa masikioni mwake. Ilimuuma kuliko mfupa. Lakini goti lake, aligundua, lilikuwa limetulia.

Ikabaki laini moja, ile ya peke yake. Kuku alikuwa akilia.

"Zubeiri," mama yake alisema, karibu kabisa na kisanduku. "Ulisikia yangu?"

Angeweza kusema hapana. Nani angejua?

"Nilisikia, mama," akasema kwenye maikrofoni. "Machache. Nilichelewa kuvua."

Akageuza, akangoja. Alisikia pumzi zake, kisha bangili zikigongana ukutani.

Tk.

Ernesti alirudi anakimbia, maana habari hiyo ilimfikia relini kabla hata hajamaliza kupima. Alimkuta Zubeiri amekaa kizingitini mwa ofisi, funguo zote za kampuni ziko mapajani. Yule wa kaptura hakuwa naye. Eliudi alisimama nyuma, tai imelegea, hajui pa kuweka mikono.

"Umeniua," Ernesti alisema. "Zube, mimi na wewe tulikuwa tunakunywa kikombe kimoja."

"Tulikuwa."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia. Ukaniambia kampuni haikuapa." Zubeiri alisimama akamwekea funguo mkononi, akaufumba mkono ule juu yake. "Tia swichi, Ernesti. Uwafundishe kuzizima, na uende mwenyewe mlango kwa mlango. Hodi tatu. Wengine watakufungulia."

Macho ya Ernesti yaliinuka kwenda kwenye nyaya, na Zubeiri akaona mtu yule amekwisha kuanza kuhesabu swichi. Alimwonea huruma, na akamwonea wivu pia. Akaondoka.

Mtaani kila baraza ilinyamaza alipopita. Watoto hawakumwita Tanzia. Mwanamke mmoja alitema mate chini, mwingine akamwambia "Ahsante" bila kumtazama. Bi Chiku alikuwa mlangoni, kisanduku kakishika kwapani kama kuku wa kuchinjwa, akamtazama akipita toka mwanzo mpaka mwisho.

Alipofika kwa mama yake, mlango ulikuwa umefungwa. Nyumba hii alizaliwa humo. Hajapata kupiga hodi hapa tangu ajue kutembea. Huusukuma mlango kwa goti huku akiuliza kuna nini jikoni. Leo mguu ulikataa.

"Hodi," alisema.

Kimya. Jirani mmoja alitoa kichwa dirishani.

"Hodi."

Ndani alisikia ufagio ukisimama, na mtu akitembea, na kurudi. Imebaki moja. Ya tatu isipojibiwa atageuza mguu, hiyo ndiyo desturi, na aliyemfundisha desturi ni huyo huyo aliye ndani. Zubeiri alikaa na hodi ya tatu mdomoni kwa muda, anaogopa kuitoa.

"Hodi, mama."

Jirani akarudisha kichwa chake ndani, kwa haya. Zubeiri akatazama chini, akaanza kugeuka.

"Nani?"

"Mimi. Zubeiri."

"Zubeiri yupi?" Sauti ya Bi Mwanamkasi ilikuwa kavu, lakini ilikuwa karibu, nyuma ya ubao wa mlango. "Yule wa kwenye kisanduku?"

"Huyo hayupo tena, mama."

Komeo likavutwa. Mlango haukufunguliwa, ila komeo lilivutwa, na nyayo za mama yake zikarudi ndani taratibu.

"Basi ngoja nijitande," alisema, "kisha karibu."